Kuvuka daraja la mjini kwa miguu, mvua au jua: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yanahusu madaraja ya mjini yenye njia ya waenda kwa miguu: ya mawe, ya zege, ya chuma na yale yanayoning'inia kwa kebo. Mengi yanauliza kuhusu upepo, na ndivyo inavyostahili, kwa kuwa upepo ndio unaowashangaza watu zaidi.

Kwa nini mtaani kumetulia, lakini nikifika darajani upepo unataka kunibeba?

Mtaani upepo huvunjwa na majengo, miti na kuta. Juu ya maji hauna cha kuuzuia, kwa hiyo unafika darajani ukiwa na nguvu zake zote. Kama unavuma kufuata mkondo wa mto, kingo mbili zenye majengo huubana katikati na kuuongezea kasi. Halafu kuna suala la kimo. Kasi ya upepo inayotajwa kwenye utabiri wa hali ya hewa kwa kawaida ni ya mita 10 juu ya ardhi. Sakafu ya daraja ambalo meli hupita chini yake inaweza kuwa mita 50 juu ya maji, na kwenye kimo hicho upepo huzidi kwa takriban robo.

Tufanye hesabu. Utabiri unasema kilomita 32 kwa saa. Ongeza robo, unapata 40. Huo ni wastani tu, na upepo hauji kwa wastani, huja kwa mapigo. Pigo moja laweza kufika mara moja na nusu ya wastani, yaani 60. Aliyetoka nyumbani akitegemea upepo wa kupepea bendera anakutana na upepo wa kumyumbisha. Kama utabiri wako unaonyesha kasi ya mapigo kando na wastani, angalia hiyo ya mapigo.

Upepo wa kasi gani ni mwingi mno?

Mabaharia na watabiri hutumia kipimo cha Beaufort, na kinamfaa mtembea kwa miguu vilevile. Nguvu ya 6 ni kilomita 39 hadi 49 kwa saa: mwavuli haushikiki, na nyaya zinapiga mluzi. Mtu mzima mwenye afya anavuka bila shida kubwa. Nguvu ya 7, kilomita 50 hadi 61, kutembea kuukabili upepo ni kazi. Mtoto mdogo, mzee au mtu mwepesi asivuke peke yake. Nguvu ya 8, kilomita 62 hadi 74, upepo unakuzuia kusonga na mapigo yake yanaweza kukuangusha. Hapo tafuta basi, au subiri.

Tatizo ni kwamba nguvu ya upepo haipandi sambamba na kasi. Kasi ikiongezeka mara mbili, msukumo unaongezeka mara nne. Upepo wa kilomita 36 kwa saa unamsukuma mtu mzima aliyeukabili uso kwa uso kwa nguvu ya takriban kilo 4, sawa na mkono wa mtu unaokuzuia kifuani. Kwa kilomita 72 msukumo ni kama kilo 16, na unakuja na kuondoka bila taarifa. Kuondoka ndiko kunakoangusha wengi: umeegemea upepo, ukakatika ghafla, ukajikuta umejitupa mwenyewe ulikokuwa umeelemea.

Kwa hiyo usiegemee upepo kwa kiwiliwili chote. Kunja magoti kidogo, tanua miguu hadi upana wa mabega, na fupisha hatua. Mkoba wa begani uvae mgongoni, mikanda yote miwili, na ukaze.

Mwavuli unafaa darajani?

Kwa mvua isiyo na upepo, ndiyo. Mvua yenye upepo ni habari nyingine. Mwavuli wenye kipenyo cha mita 1 unakamata upepo kuliko mwili wako: kwa kilomita 36 kwa saa unavutwa kwa nguvu ya takriban kilo 6, kupitia mkono mmoja ulionyooshwa. Watu huuinamisha mbele kama ngao, na hapo hawaoni baiskeli inayokuja. Ukipinduka, vijiti vyake viko usawa wa macho ya mtu anayepishana nawe. Koti la mvua lenye kofia inayokazwa kwa kamba linafanya kazi yote ya mwavuli na kukuachia mikono miwili.

Nitembee upande upi wa daraja?

Kama njia ya miguu iko upande mmoja tu, swali limejijibu. Zikiwa mbili, wengi hufuata ile iliyo karibu na walikotoka, na mara nyingi ndiyo mbaya kwa siku hiyo.

Jua kwanza joshini ni wapi na demani ni wapi. Joshini ni upande unaopokea upepo kwanza. Demani ni ule mwingine. Kisha tazama kilichopo kati yako na magari.

Kukiwa na kizuizi imara cha chuma au zege kati ya njia ya miguu na barabara, upande wa joshini ni bora siku ya mvua. Maji yanayorushwa na magurudumu, pamoja na moshi, hupeperushwa kwenda upande wa pili, na wanaotembea demani ndio wanaoyapokea. Unapigwa na upepo zaidi, lakini ni upepo safi na mvua safi.

Kukiwa hakuna kizuizi ila ukingo mdogo wa barabara, geuza hesabu. Joshini upepo unakusukuma kuelekea kwenye magari. Demani unakusukuma kuelekea kwenye vyuma vya pembeni, ambavyo viliwekwa kwa kazi hiyo. Afadhali kulowa kuliko kupigwa na kioo cha lori. Ila vyuma hivyo viwe imara na virefu: vinavyoishia chini ya kiuno chako visikupe moyo.

Madaraja yenye fremu ndefu za chuma pembeni hupunguza upepo upande wa demani, kwani upepo unapita kwanza katikati ya vyuma vingi. Siku kavu yenye upepo wa baridi, huko ndiko pa kutembea.

Kwa nini upepo hunipiga ghafla nikipita nguzo kubwa?

Mnara wa daraja ni ukuta. Nyuma yake pana kivuli cha upepo, mahali palipotulia kabisa kwa hatua chache, na kwenye kona zake upepo uliozungushwa unapita kwa kasi kuliko mahali pengine popote darajani. Unatoka kwenye utulivu na kuingia kwenye mkondo huo kwa hatua moja. Kofia nyingi huondokea hapo. Kabla ya kutoka nyuma ya mnara, simama, funga kofia au ishike, shika chuma cha pembeni kwa mkono mmoja, kisha toka. Lori refu linalopita karibu nawe lina tabia hiyohiyo kwa ufupi: linakukata upepo kwa sekunde moja, halafu linakurudishia wote kwa mkupuo.

Daraja linatikisika ninapotembea. Nikimbie?

Hapana. Daraja lisilotikisika hata kidogo halipo. Yanayoning'inia kwa kebo hutikisika zaidi kwa kuwa yameundwa kujinyumbua, na kila lori linapopita unasikia sakafu ikishuka na kupanda chini ya soli zako.

Kuna mtikisiko wa watu na kuna wa upepo. Ule wa watu ulipata umaarufu Juni 2000, lilipofunguliwa daraja la miguu la Millennium jijini London. Kila hatua husukuma sakafu kidogo pembeni. Daraja likaanza kuyumba kushoto na kulia, na watu, ili wasianguke, wakajikuta wanakanyaga kwa mwendo wake, jambo lililouzidisha mtikisiko. Lilifungwa baada ya siku mbili, likawekewa vifaa vya kufyonza mtikisiko, na kufunguliwa tena 2002. Jambo hili linafahamika tangu zamani: mwaka 1831 daraja la Broughton nchini Uingereza lilivunjika wakati askari 74 wakilivuka kwa gwaride, na daraja la Albert jijini London bado lina kibao kinachowataka askari waache kwenda kwa hatua moja. Ukiwa kwenye msongamano na daraja likaanza kuyumba, simama. Watu wakisimama, linatulia.

Mtikisiko wa upepo ni wa kuangaliwa kwa jicho lingine. Daraja la Tacoma Narrows nchini Marekani liliporomoka tarehe 7 Novemba 1940, miezi minne tu baada ya kufunguliwa, kwa upepo wa takriban kilomita 64 kwa saa ambao haukuwa wa ajabu. Sakafu yake nyembamba ilianza kujisokota, na kila msokoto ukaupa upepo nafasi ya kuisokota zaidi. Tangu hapo madaraja makubwa ya aina hiyo hujaribiwa kwa mifano kwenye mahandaki ya upepo kabla ya kujengwa. Kupanda na kushuka kidogo ni kawaida. Ukiona sakafu inapinda kwa pembe, upande mmoja juu na mwingine chini, kwa zamu, geuka uondoke.

Mvua ikinyesha, ni wapi hasa panapoteleza?

Si kila mahali, na ndiyo maana watu huanguka: wamezoea zege lenye mikwaruzo linaloshika soli vizuri, kisha wanakanyaga kitu kingine.

Kitu hicho mara nyingi ni chuma. Mifuniko ya chuma, sahani za chuma zilizofunika kazi ya matengenezo, na viungo vya daraja vikilowa ni kama vimepakwa sabuni. Michirizi ya rangi barabarani nayo huteleza kuliko lami iliyoizunguka. Mbao ni mbaya zaidi zikiwa zimelowa kwa muda mrefu, kwa kuwa huota ukoko wa kijani usioonekana vizuri. Njia ya miguu ya daraja la Brooklyn, New York, ni ya mbao, nayo ina urefu wa takriban kilomita 1.8, kwa hiyo mtu ana dakika 25 hivi za kujifunza jambo hili. Kwenye mbao, kanyaga mguu wote bapa, usitangulize kisigino.

Dakika za mwanzo za mvua baada ya kiangazi kirefu ndizo zenye utelezi mkubwa. Vumbi, mpira wa magurudumu na mafuta ya magari vimejikusanya juu ya sakafu, na maji machache ya kwanza huvigeuza kuwa uji mwembamba. Mvua kubwa ikishaosha kwa nusu saa, sakafu hushika vizuri zaidi kuliko mwanzo. Anayekimbia ili asilowe anakimbia wakati mbaya kuliko wote.

Angalia soli. Soli ya mpira laini yenye mifereji inayofika ukingoni hutoa maji nje. Soli ngumu ya plastiki au iliyolika hadi kuwa bapa huelea juu ya maji. Bonyeza soli kwa ukucha: ikibonyea kidogo, ni laini ya kutosha.

Yale meno ya chuma yanayokata njia ni ya nini?

Ni kiungo cha kutanukia. Chuma cha urefu wa mita 100 hurefuka kwa milimita 12 kila joto likipanda nyuzi 10. Kwa daraja la kilomita moja, tofauti ya nyuzi 40 kati ya usiku wa baridi na mchana wa kiangazi ni karibu nusu mita, na nafasi hiyo lazima ipatikane mahali. Meno ya pande mbili huingiliana kama vitana viwili, yakikaribiana kwenye joto na kuachana kwenye baridi.

Kwa mtembea kwa miguu maana yake ni kwamba pengo ulilolizoea wakati wa joto litakuwa pana zaidi siku ya baridi. Kisigino chembamba, ncha ya mkongojo na gurudumu dogo la kigari vinanasa humo. Vuka kiungo kwa pembe mraba, usikikate mshazari, na mkongojo uuweke ng'ambo ya meno, si juu yake.

Kuna dimbwi darajani kila mvua ikinyesha. Ni kasoro?

Mara nyingi ni uchafu tu. Sakafu huinama kidogo kuelekea pembeni, na pembeni kuna matundu yenye wavu wa kutolea maji. Majani na mifuko ya plastiki yakiziba tundu moja, maji yanakaa. Toa taarifa kwa wanaosimamia daraja ukitaja namba ya nguzo ya taa iliyo karibu. Maelezo ya “pale katikati” hayamsaidii fundi. Mpaka liondolewe, usipite ukingoni mwa dimbwi lililo upande wa barabara wakati magari yanapita. Subiri mwanya.

Mto umefurika. Daraja bado limesimama, nivuke?

Tazama vitu viwili: maji yamefika wapi, na yanabeba nini. Maji yakigusa mihimili iliyo chini ya sakafu, usivuke. Daraja limejengwa kubeba uzito unaotoka juu, na sasa linasukumwa kwa ubavu, na kila gogo linalokwama linazidisha msukumo. Maji yakipita juu ya sakafu, hata kwa kina cha sentimita 15 tu, mkondo wa kasi unaweza kumwangusha mtu mzima.

Hatari isiyoonekana iko kwenye nyayo za nguzo. Maji ya kasi huchimba mchanga na kokoto chini ya msingi, na juu daraja linaonekana lilelile la jana. Daraja la Schoharie Creek, jimbo la New York, lilianguka hivyo tarehe 5 Aprili 1987 na watu 10 wakafa. Kwa hiyo kizuizi cha polisi kilichobaki hata baada ya maji kushuka si uzembe wa kusahau kukiondoa: pengine wazamiaji hawajakagua misingi. Usikiruke.

Radi ikianza nikiwa darajani?

Daraja ni mahali pa wazi, pa juu, penye chuma. Minara na kebo huchukua umeme na kuupeleka chini, lakini aliyeegemea chuma hicho anaweza kupata sehemu yake.

Ukiona mmweko, hesabu sekunde hadi usikie ngurumo, kisha gawa kwa 3: unapata umbali kwa kilomita. Ikiwa ni chini ya sekunde 30, radi iko ndani ya kilomita 10, na pigo linalofuata laweza kuwa lako hata kama mvua haijakufikia. Ondoka darajani kupitia ncha iliyo karibu zaidi, hata kama si uendako. Tembea katikati ya njia, mbali na vyuma vya pembeni, kwa haraka isiyo ya kukimbia. Mkiwa kundi, achaneni kwa mita kadhaa. Jengo kamili au gari lenye paa la chuma na vioo vilivyopandishwa linafaa. Kibanda cha wazi na mti havifai. Usirudi mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Ikisikika nyingine dakika ya 28, unaanza upya.

Ukungu una hatari gani kama hakuna upepo wala mvua?

Unalowesha bila kuonekana kulowesha. Matone madogo hutua kwenye kebo na vyuma, yakakusanyika na kudondoka, na sakafu ya chuma huteleza kama siku ya mvua huku ukiwa umejiaminisha kuwa ni kavu.

Hatari kubwa zaidi iko kwenye ncha za daraja, pale barabara za kuingilia zinapokata njia ya miguu. Dereva anayepanda darajani anatazama magari atakayojiunga nayo, si wewe. Nguo nyeupe au ya kijivu inamezwa na ukungu. Vaa rangi kali au ukanda unaoakisi mwanga, na uvae chini kwenye vifundo vya miguu vilevile, kwani kitu kinachosogea juu na chini huonekana upesi. Taa ya simu ielekeze ardhini mbele yako. Ukiiinua, ukungu unakurudishia mwanga machoni. Vipokea sauti viondoe masikioni, maana kengele ya baiskeli utaisikia kabla ya kuiona baiskeli.

Madaraja ya njia za meli huwa na honi za ukungu. Daraja la Golden Gate, San Francisco, ni mfano maarufu. Sauti yake ya kwanza ukiwa juu yake hukushtua hadi ukarukia pembeni, kwa hiyo jua kwamba itakuja.

Jua kali nalo ni la kuogopwa?

Kwa dakika 5, hapana. Lakini mwendo wa kawaida ni mita 75 kwa dakika, kwa hiyo daraja la kilomita 1.5 ni dakika 20 bila kivuli hata kimoja, na kurudi ni 20 nyingine. Maji yanayong'aa chini hurudisha sehemu ya jua usoni mwako kutoka chini, na kofia haisaidii hapo. Lami inayopigwa na jua hewa ikiwa nyuzi 35 inaweza kufika nyuzi 60. Chukua nusu lita ya maji kwa kila saa ya kutembea, zaidi ukiwa unapanda. Vyuma vya pembeni viguse kwa mgongo wa mkono kabla ya kuvishika, na mtoto asivishike kabisa. Kama unaye mbwa, weka kiganja juu ya lami kwa sekunde 7: usipovumilia wewe, naye hatavumilia.

Daraja lenyewe hubadilika. Upinde wa daraja la Bandari la Sydney, lililofunguliwa 1932, unaweza kupanda kwa sentimita 18 kwa sababu ya joto. Milio ya kugonga na kulalamika inayosikika asubuhi jua linapopasha upande mmoja ni chuma kinachojisogeza kwenye viti vyake.

Kwa nini barabara haina barafu lakini daraja linayo?

Ardhi huhifadhi joto la siku zilizopita na kulirudisha kwenye barabara kutoka chini. Daraja halina ardhi chini yake. Hewa baridi hulipiga juu, chini na pembeni, kwa hiyo huganda mapema. Sakafu ya chuma huganda kabla ya ya zege. Usiku wenye anga tupu, uso wa daraja unaweza kushuka hadi nyuzi 0 wakati hewa bado iko kwenye 2 au 3, kwa hiyo simu inayoonyesha 3 haijakuhakikishia lolote.

Barafu mbaya ni ile nyembamba isiyo na rangi. Inafanana na lami iliyolowa. Tazama magari: gurudumu likipita mahali panapong'aa bila kurusha maji, hapo pameganda. Chumvi ya kawaida huyeyusha vizuri hadi karibu nyuzi 9 chini ya sifuri. Zaidi ya hapo kazi yake hupungua sana, na mchanga ndio unaoshika.

Tembea hivi: mikono nje ya mifuko, hatua za nusu, mguu utue wote bapa, na uzito wa mwili uwe juu ya mguu wa mbele kabla ya kuinua wa nyuma. Ukipanda mwinuko, shika chuma cha pembeni. Ukishuka, shika zaidi.

Upepo unaongeza baridi kuliko wengi wanavyokadiria. Hewa ya nyuzi 0 yenye upepo wa kilomita 40 kwa saa huhisika kama nyuzi 7 chini ya sifuri. Masikio na vidole hutangulia kuumia.

Na ile barafu inayoning'inia juu?

Hiyo ndiyo sababu daraja hufungwa siku nzuri yenye jua. Theluji yenye maji hushikamana na kebo na minara usiku, na jua au upepo wa asubuhi huiachia. Desemba 2012 mabonge ya barafu kutoka kwenye kebo za daraja la Port Mann, Kanada, yalivunja vioo vya magari. Daraja la Queensferry, Uskoti, lilifungwa Februari 2020 kwa sababu hiyohiyo. Ukiona vipande vilivyovunjika vimetapakaa njiani, vimeanza kudondoka. Usisimame kutazama juu, na usipite chini ya kebo kuu.

Nina kigari cha mtoto. Kuna la kuzingatia zaidi?

Kifuniko cha kigari ni tanga. Kikitunga upepo, kigari kinageuka au kinakwenda chenyewe. Kwenye upepo, kunja kifuniko, mfunike mtoto kwa nguo badala yake, na uvae kamba ya kigari kwenye kifundo cha mkono. Kila unaposimama, kaza breki na ugeuze kigari kiwe sambamba na vyuma vya pembeni. Usitundike mifuko kwenye mpini. Breki ikiwa imekazwa na upepo ukaja kutoka mbele, kitapinduka kwa nyuma.

Kwa kiti cha magurudumu, mwinuko wa mita 1 kwa kila mita 20 unavumilika ukiwa mkavu. Ukiwa umelowa, pete za kusukumia huteleza mikononi, na glavu zenye viganja vya mpira zinasaidia.

Nitajuaje kama daraja litafungwa?

Madaraja makubwa yana vipima upepo na viwango vilivyowekwa. Kwa kawaida malori marefu na pikipiki huzuiwa mapema; njia ya miguu huweza kufungwa kabla ya barabara. Kwa hiyo magari kuendelea kupita hakuthibitishi kwamba nawe unaruhusiwa. Tazama kibao kilichoko mwanzo wa njia ya miguu, siyo taa za barabarani.

Nimefika katikati na hali imechafuka. Nisonge au nirudi?

Hesabu umbali uliobaki kila upande, kisha uliza upepo unatoka wapi. Kwenda na upepo mgongoni ni kwepesi kuliko kuukabili, hata kama ni mbali zaidi kwa mita 100 au 200. Isipokuwa kwenye barafu: huko upepo wa mgongoni unakusukuma uteleze, na afadhali uukabili.

Kama huwezi kwenda popote, jikinge nyuma ya mnara, upande wa demani, ukae chini mgongo ukiwa ukutani. Hilo halihusu radi. Radi ikiwepo, usikae karibu na mnara, endelea kuelekea ncha iliyo karibu. Madaraja marefu huwa na simu za dharura kwenye nguzo, na juu ya kila simu pameandikwa namba ya mahali ulipo. Isome kabla ya kuinua mkono wa simu, kwa sababu upepo ukiwa mkali aliye upande wa pili atasikia maneno machache tu, na namba hiyo iwe ya kwanza.